Uhai Hupiganiwa Wodini: Huduma ya Wagonjwa Mahututi Karagwe na Kyerwa



Akitajwa mgonjwa mahututi, wengi wetu huwaza ICU, chumba cha uangalizi maalumu: mashine za kupumulia na muuguzi asiyebanduka kitandani. Kwa mkazi wa Karagwe au Kyerwa, ICU kwa kawaida maana yake ni rufaa, safari ya kwenda Bukoba au hata hospitali ya Bugando, Mwanza. Hoja yangu leo ni kwamba mara nyingi uhai wa mgonjwa huyo huamuliwa kabla gari la wagonjwa halijawashwa, katika wodi ya kawaida aliyolazwa. Kwa hiyo shilingi yetu ya kwanza iende huko, kwenye mambo matatu: kumpima mgonjwa, kuitambua hatari, na kuchukua hatua palepale.

Ushahidi upo. Utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2025 katika jarida la The Lancet uliwachunguza wagonjwa karibu 20,000 waliolazwa hospitalini. Mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi. Kati ya mahututi hao, asilimia 69 walikuwa katika wodi za kawaida, na mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku saba. Zaidi ya nusu hawakupata huduma ya msingi waliyoihitaji. Kwa walioshindwa kupumua vizuri, waliopewa oksijeni hawakufika nusu. Kwa waliopoteza fahamu, ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyelindwa njia ya hewa au kulazwa kiubavu asipaliwe. Kumgeuza mtu alale kiubavu hakuhitaji umeme wala fedha za kigeni. Kunahitaji mtu aliyefundishwa, aliyepo, na anayejua kwamba hiyo ni kazi yake.

Tumwangalie mtoto mwenye nimonia. Kifaa kidogo kinabanwa kidoleni, nacho kinaonyesha kiwango cha oksijeni katika damu. Kiwango hicho kikishuka chini ya asilimia 90, mtoto anahitaji oksijeni sasa hivi. Lakini ili namba ile imfae, kifaa kiwe na betri. Muuguzi ajue kwamba 84 ni dharura. Awe na ruhusa ya kuanza oksijeni bila kumsubiri daktari. Mrija wa puani unaomtosha mtoto uwepo. Na umeme ukikatika, mtungi wa akiba uwe umejaa. Kimoja kikikosekana, mtambo wa oksijeni ulionunuliwa kwa mamilioni unageuka pambo la wodi.

Je, kuimarisha mambo madogo ya kila siku kunaokoa watu kweli? Katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, vituo 30 viliwafanyisha wahudumu wa vyumba vya kujifungulia mazoezi mafupi ya mara kwa mara, kazini kwao, kwa midoli ya kufundishia na vifaa vichache vilivyoboreshwa. Takwimu za kila kituo zilirudishwa kwa wahudumu wenyewe wazijadili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya akina mama vikipungua kwa takriban asilimia 75, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza kwa asilimia 40. Huo ni ushahidi wa uzazi. Haujibu kila swali la mahututi. Unaonyesha, hata hivyo, kwamba wahudumu wetu, katika majengo tuliyonayo, wanaweza kubadili hesabu ya vifo.

Watakuwepo wa kuniuliza kama kutanguliza wodi ya kawaida si kumgawia maskini huduma ya daraja la pili. Watanielekeza ng'ambo ya mto Kagera. Mwaka 2024 Rwanda ilipata wagonjwa 66 wa homa ya virusi vya Marburg na kupoteza 15, na baadhi ya waliowekewa mashine ya kupumulia walipona. Mkoani kwetu Kagera, katika mlipuko wa ugonjwa huohuo wa Biharamulo uliotangazwa Januari 2025, wote kumi waliohesabiwa, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, walifariki. Pingamizi hili ni zito. Mashine huokoa, na mkoa huu unastahili ICU kamili. Lakini wanane kati ya kumi hao walikufa kabla mlipuko haujathibitishwa. Nchini Rwanda wagonjwa wengi walikuwa wahudumu wa afya, wengi wakagunduliwa mapema na kupewa pia dawa za majaribio. ICU humpokea yule tu ambaye mtu fulani, mahali fulani, aliitambua hatari yake mapema.

Pingamizi la pili linasema huduma ya msingi ni jambo jepesi lisilohitaji sayansi. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, unalikanusha. Watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu walishirikishwa. Waliomiminiwa maji ya mshipani kwa kasi, kama ilivyozoeleka katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 10 walikufa ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Hata dripu inahitaji ushahidi uliopatikana kwetu.

Pingamizi la tatu ni kwamba wauguzi ni wachache. Ni kweli, na waajiriwe. Lakini uchache huo ndio unaodai mpangilio: walio hatarini walazwe karibu na meza ya muuguzi na wapimwe kwanza kila zamu, na ndugu wanaouguza waambiwe dalili zipi ziwafanye waite msaada bila woga.

Kwa hiyo naziomba halmashauri zetu mbili ziiulize kila hospitali, kuanzia Nyakahanga hadi Isingiro, swali moja kila mwezi: wagonjwa wangapi walikutwa na oksijeni chini ya asilimia 90, na wangapi kati yao walipewa oksijeni ndani ya saa ileile? Jibu libandikwe ukutani lisomwe na wote, na bajeti ya mwaka unaofuata ianze kwa kuziba pengo litakaloonekana kati ya namba hizo mbili.