Serikali Ikifungwa, Mbunge Alipwe?

Shughuli za serikali kuu ya Marekani ziliposimama kwa siku 43, kuanzia Oktoba 1, 2025, waongozaji wa ndege waliendelea kwenda kazini bila mshahara. Wabunge na maseneta, walioshindwa kuelewana juu ya bajeti, waliendelea kulipwa kwa kiwango cha dola 174,000 kwa mwaka.

Hasira ya wananchi inaeleweka, lakini kuwazuilia fedha hizo si rahisi. Marekebisho ya 27 ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1992, hayaruhusu sheria ya kubadili mshahara wao ianze kutumika kabla ya uchaguzi mwingine wa wabunge. Kinga iliyolenga wasijiongezee sasa inawalinda wasikatwe. Mwaka 2013 Bunge liliizunguka kwa sheria ya kuweka mishahara kando endapo bajeti isingepitishwa.

Hata hivyo, mbunge tajiri atavumilia miezi; anayeutegemea mshahara kulipia nyumba ndiye atakayesalimu amri kwanza. Hapo mfuko ndio utakuwa umepiga kura. Afadhali sheria iruhusu matumizi ya mwaka uliopita yaendelee mpaka bajeti mpya ipite. Wanasiasa wabishane, mfanyakazi alipwe.