Jina Lako Liandikwe Kabla Kamba Haijafunguliwa

Leo tuzungumze juu ya sheria ya ziwani na adhabu zake.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa ufukweni wakitazama. Kivu Kusini ilitangaza abiria 278 na maiti 78. Kivu Kaskazini ikahesabu maiti 34. Watu wakipanda bila kuandikwa, hata kuhesabu wafu kunashindikana.

Je, mwenye kosa anaadhibiwaje? Kanuni ya usafiri wa mito na maziwa ipo tangu 14 Machi 1966, nayo inaweka boti chini ya ukaguzi. Watu wakifa kwa uzembe, Kanuni ya Adhabu ya Kongo, kifungu cha 53, inatoa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini. "Sikukusudia" si kinga: kifungu cha 52 kinamshika aliyekosa tahadhari, hata kama hakutaka kuua. Tena kifungu cha 258 cha sheria ya kiraia kinamtaka aliyesababisha hasara ailipe. Naye mkaguzi anayepokea matabishi ili boti iliyojaa iondoke, pamoja na anayempa, wote wawili wana kosa.

Lakini mama aliyempoteza mtoto atadai vipi, kama jina la mtoto halimo kwenye orodha? Orodha ya abiria ndiyo shahidi wake mbele ya hakimu.

Baada ya ajali ya boti huko Kalehe ya Aprili 2019, Rais Tshisekedi alifika hapo akaamuru jile za kuokolea ziwe lazima. Jile iliyofungwa kamba chini ya magunia ya makala haimwokoi mtu. Ivae, ufunge vifungo vyote, kabla boti haijaondoka.

Ndugu yangu, kesho ukifika bandari ya Beach Muhanzi, Bukavu, tazama ubavu wa boti. Maji yakiwa karibu na ukingo, usipande, hata kama umekwisha kulipa. Hakikisha jina lako limeandikwa, na la mtoto uliyembeba mgongoni pia. Tikiti iliyopotea hununuliwa tena, uhai haununuliwi.