Timu ya Shule Isitegemee Mwalimu Mmoja



Kila anayefuatilia kandanda ya shule za upili anakijua kisa hiki. Timu inavuma hadi mashindano ya kanda, kisha barua ya uhamisho kutoka TSC inamfikia mwalimu aliyeinoa. Msimu unaofuata inabanduliwa katika kaunti ndogo. Wachezaji wengi ni wale wale, uwanja ni ule ule. Kilichoondoka ni maarifa, kwa kuwa yote yalikaa kichwani mwa mtu mmoja.

Wanafunzi huondoka kila mwaka, lakini shule kama Kakamega, Musingu na St. Anthony's Kitale zimedumu na majina makubwa katika kandanda. Mchezaji ni mpita njia. Kinachofaa kujengwa kwanza ni benchi la ufundi.

Watu wanne wanatosha kuanzia: kocha mkuu, naibu wake, mkufunzi wa makipa na mhudumu wa huduma ya kwanza. Mara nyingi wamo shuleni tayari. Mwalimu aliyewahi kudaka anaweza kuwanoa makipa. Mwanafunzi wa zamani anaweza kusaidia, mradi awe na cheti cha maadili mema kutoka DCI na asimamiwe na mwalimu. Timu ya wasichana nayo inahitaji mwanamke kwenye benchi, kwani yapo mambo ambayo msichana hatamwambia mwanamume.

Naibu apewe kazi ya kweli. Aongoze mazoezi siku moja kila wiki na apange kikosi cha mechi za kirafiki. Anayebeba mipira na koni miaka mitatu hajafunzwa lolote. Mazoezi, mahudhurio na majeraha yaandikwe kwenye daftari linalobaki shuleni kocha anapohama.

Nafasi za mafunzo pia zizunguke. Kozi za leseni ya CAF, zinazoandaliwa nchini na FKF, huanzia daraja la D. Shule inayomtuma mtu yule yule kila mara inamjenga yeye, haijengi benchi. Yapo pia mafunzo yasiyo na gharama: mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+, yaliyobuniwa kupunguza majeraha, huchukua dakika 20 hivi na mwalimu yeyote anaweza kuyajifunza.

Kuna jambo zito kuliko kombe. Mchezaji akigongwa kichwa akapepesuka, anapaswa kutolewa na asirudi uwanjani siku hiyo, hata kama ni fainali. Kocha mkuu anayesaka bao anaweza kushawishika kumrudisha. Ndiyo maana mhudumu wa huduma ya kwanza apewe kauli ya mwisho, na kocha aitii. Mtoto wa mzazi hawezi kuachiwa jicho moja tu.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Walimu wa shule za upili wako chini ya TSC. Kaunti inaweza kusawazisha uwanja. Haiwezi kuzuia barua ya uhamisho. Matayarisho hayo ni ya shule yenyewe.

Basi kila mwalimu mkuu arudi shuleni na swali moja: kocha akihama leo, nani ataongoza mazoezi ya Jumatatu? Jina likikosekana, kazi ianze wiki hii.