Ushuru wa Ngano: Nani Anapanga Bei Yetu?

Leo tuongee juu ya ushuru. Msiseme hayo ni mambo ya Mombasa na Nairobi. Yanafika mpaka shambani Njoro na Mau Narok.

Ngano inayolimwa Kenya haitoshi. Nyingi hutoka ng'ambo kwa meli. Tangu Januari 2005, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoanza kutoza ushuru mmoja kwa mali ya nje, ngano iliwekewa asilimia 35. Lakini nchi inaweza kuombewa nafuu ya mwaka mmoja, na kwa miaka mingi wasagaji wa Kenya wamelipa asilimia 10 tu.

Tufanye hesabu. Tuseme gunia limefika bandarini kwa shilingi 3,000. Kwa asilimia 10, ushuru ni shilingi 300. Kwa asilimia 35, ni shilingi 1,050. Tofauti ni shilingi 750. Mnunuzi akija kwako, hiyo ndiyo bei anayoilinganisha na gunia lako.

Basi tupige kelele ushuru upande? Ngojeni kidogo. Mama anayeuza chapati pale Nakuru mjini naye ananunua unga, na watoto wetu wanakula mkate. Ushuru ukipanda, wao ndio watalipa. Kwa hivyo jambo hili linataka kupimwa, si kuvutwa na upande mmoja.

Shida ni kwamba upande mmoja ndio husikika zaidi. Wasagaji ni wachache, wana chama chao, na wanajua mlango wa kubisha. Sisi ni wengi lakini tumetawanyika. Tena tunalia wakati magunia yamejaa ghalani, na nafuu ya mwaka huo ilishatangazwa kabla ya Julai. Miaka ya karibuni wasagaji wamewekewa sharti la kununua kwanza ngano ya hapa nchini. Sharti kama hilo linataka mtu wa kulifuatilia.

Katiba ya 2010 inataka wananchi wasikilizwe juu ya bajeti. Kwa hivyo kila kikundi kiandike gharama ya ekari moja: kulima, mbegu, mbolea, dawa, kuvuna. Vikundi vikutane mwanzo wa mwaka, viandike barua moja, na mbunge aipate kabla ya Juni.

Kidole kimoja hakivunji chawa.