Kidimbwi cha Juu ya Ardhi: Ujenzi wa Bwawa la Kwanza la Samaki wa Dhahabu Kajaga

Samaki wa dhahabu, Carassius auratus kwa jina la kitaalamu, ni jamaa wa karpi aliyefugwa China kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kwa karne nyingi alitazamwa kutoka juu, ndani ya vidimbwi vya mahekalu na vyungu vikubwa vya kauri, na wafugaji wakawa wanachagua wale wenye mgongo unaong'aa. Ndiyo maana hadi leo ni vigumu kupata samaki wa pambo anayefaa kidimbwi cha uani kuliko yeye: wengi wenye rangi nzuri ubavuni huonekana kijivu tupu kwa mtu aliyesimama ukingoni. Huvumilia makosa ya mfugaji mgeni, hula karibu kila kitu, na akipata nafasi hufikia sentimita 20 hadi 30 na kuishi miaka kumi na zaidi. Uvumilivu huo huo humfanya awe mgeni wa hatari akitoroka, na Kajaga ni mahali ambapo kutoroka kunawezekana kabisa.

Ardhi na maji

Kajaga iko magharibi ya Bujumbura, kwenye barabara ya Gatumba inayoelekea mpaka wa Kongo na mji wa Uvira, katika tambarare ya Imbo. Ardhi yake ni mchanga na tope vilivyoletwa na mto Rusizi kwa muda mrefu, na maji ya chini ya ardhi hayako mbali. Upande wa kusini ni Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko karibu mita 775 juu ya usawa wa bahari lakini haukai mahali pamoja. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga ulio Kalemie. Katika karne ya 19 mlango huo uliziba kwa mchanga na mimea, maji yakapanda kwa mita kadhaa, hadi kizuizi kilipobomoka katika miaka ya 1870. Maji yalipanda tena sana mwaka 1964. Katika miaka ya karibuni, Rusizi ilifurika Gatumba Aprili 2020, na mwaka 2021 na 2024 ziwa lenyewe liliingia katika nyumba na hoteli za ufukweni, Kajaga ikiwemo.

Mafuriko haya ni ya namna mbili, na mjenzi hana budi kuyatofautisha. Ziwa hupanda polepole, kwa muda wa wiki na miezi, na kwa kawaida hufikia kilele karibu na Mei, mvua zinapokwisha. Mwenye nyumba huliona likija. Rusizi huweza kuvunja kingo zake kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo shauri linalotolewa katika vitabu vingi vya bustani, la kuchimba shimo na kulitandika plastiki, halifai hapa. Maji ya ardhini yakipanda husukuma plastiki kutoka chini na kuifanya ivimbe katikati ya bwawa. Tangi la zege lililozikwa, likiachwa tupu wakati wa masika, laweza kuinuliwa zima na kupasuka. Tena ukingo ulio sawa na ardhi hupokea kila kinachotiririka uani: matope, mafuta ya gari, na katika mafuriko, maji yaliyopita vyooni. Kidimbwi cha Kajaga kijengwe juu ya ardhi.

Kabla ya tofali la kwanza ipimwe pia mipaka. Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 inalinda ukanda wa mita 150 kutoka ziwani, na ujenzi ndani ya ukanda huo ni tatizo la kisheria hata kama ni wa tangi la samaki.

Ujenzi

Wakati bora ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, udongo ukiwa mkavu na maji ya ardhini yakiwa yanashuka. Mahali pawe pa wazi, mbali na mwembe, kwa sababu majani yanayooza ndani ya maji hula oksijeni ya samaki. Lakini pawe na kivuli cha alasiri, hata cha wavu uliotandazwa juu ya nguzo.

Vipimo vinavyofaa kwa mara ya kwanza ni urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na ukuta wa sentimita 90 wenye maji ya sentimita 75. Hapo patakuwa na lita 4,500, yaani tani nne na nusu za maji. Wanaoanza huelekea kujenga kidogo wakidhani ndiyo nafuu. Kwa kweli maji machache hupata joto haraka, huchafuka haraka na huua haraka. Uzito wa tani hizo unahitaji msingi. Udongo wa juu uondolewe, kokoto zishindiliwe, kisha imwagwe sakafu ya zege yenye wavu wa nondo, yenye unene wa sentimita 12 hadi 15. Kila mita moja ya urefu wa ukuta hubeba msukumo wa maji wa takribani kilo 280, na sehemu kubwa yake iko chini. Ukuta wa tofali moja jembamba hufunguka kwenye pembe. Ujengwe kwa tofali za kuchoma zilizolazwa mbili mbili, na juu ufungwe kwa mkanda wa zege na nondo kama ule unaofungwa juu ya madirisha.

Ndani, mjenzi ana njia mbili. Ya kwanza ni kupiga plasta ya saruji. Ni imara, lakini saruji mpya huvujisha chokaa na kupandisha pH ya maji hadi 11 na zaidi, kiwango ambacho hakuna samaki atakayekistahimili. Tangi hujazwa, huachwa siku kadhaa, humwagwa, na kazi hurudiwa mara tatu au nne. Kuta zikisuguliwa kwa siki katikati ya zoezi hilo, muda hupungua. Ya pili ni kutandika plastiki nzito ya mabwawa juu ya kitambaa kinene au mazulia ya zamani. Kipimo chake hupatikana kwa kujumlisha urefu (na kwa upande wa pili, upana) wa bwawa, kina cha ukuta mara mbili, na sentimita 60 za kukunjia: kwa mfano uliotolewa ni mita 5.4 kwa 4.4. Plastiki ni bora kwa ardhi ya Kajaga, kwa kuwa sakafu ikititia kidogo plasta hupata ufa lakini plastiki hujinyoosha.

Bomba la maji ya ziada ndilo kiungo kinachosahauliwa zaidi. Mvua moja ya Aprili yaweza kuongeza sentimita kadhaa katika bwawa. Bomba liwekwe sentimita 15 chini ya ukingo, mdomo wake ufunikwe kwa wavu wa matundu madogo, na maji yaelekezwe kwenye shimo la kufyonzea lililojazwa mawe na mchanga, yasifike kabisa mtaroni. Mitaro ya Kajaga huishia ziwani.

Sababu ya ukali huo ni samaki walioko humo tayari. Tanganyika ina zaidi ya aina 200 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Nchi nne zinazolizunguka zilitia saini mkataba wa kulilinda mwaka 2003, na mamlaka iliyoundwa kuusimamia ina makao yake Bujumbura yenyewe. Kilichotokea katika Ziwa Naivasha, Kenya, kinaonyesha jinsi ajali ndogo inavyokua. Karpi wa kawaida, jamaa wa karibu wa samaki wa dhahabu, alianza kunaswa nyavuni humo karibu na mwaka 2001, na inaaminika alitoroka kutoka mabwawa ya kufugia wakati wa mvua kubwa. Muongo mmoja baadaye alikuwa samaki anayevuliwa kwa wingi kuliko wote ziwani. Samaki wa dhahabu hula kwa namna ile ile ya karpi, akifukua tope, akiyatibua maji na kung'oa mimea ambamo wengine hutagia.

Kuna kinaya hapa: ziwa linalolindwa dhidi ya samaki wa pambo wa kigeni ndilo lililopeleka wa kwake ng'ambo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Pierre Brichard alikuwa akisafirisha samaki wa pambo wa Tanganyika kutoka Bujumbura hadi kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani, na mmoja wa samaki hao, Neolamprologus brichardi, aliyepewa jina la Brichard, anaitwa na wafugaji hao binti mfalme wa Burundi. Anayetaka kufuga wenyeji anaweza, lakini samaki hao wa miambani hupendeza nyuma ya kioo zaidi kuliko kidimbwini.

Maji, joto na hewa

Maji ya bomba ya Bujumbura, yanayosambazwa na REGIDESO, hutoka kwa sehemu kubwa ziwani na hutiwa klorini. Yakiachwa wazi siku moja au mbili juani klorini huondoka. Maji ya ziwa yenyewe ni magumu na pH yake inakaribia 9. Samaki wa dhahabu hustahimili hali hiyo, ila kuna mtego ndani yake. Uchafu wa samaki hutoa amonia, na sumu hasa ni ile sehemu ya amonia inayobaki kama gesi. Katika nyuzi 25, sehemu hiyo ni kama asilimia 5 pH ikiwa 8, na hufikia asilimia 36 pH ikiwa 9. Kiasi kile kile cha uchafu ambacho hakidhuru kwingine kinaweza kuua hapa. Maji ya mvua kutoka paa safi, yakichanganywa nusu kwa nusu, hupunguza hatari hiyo.

Bakteria ndio wanaoigeuza amonia kuwa naitriti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Huhitaji wiki nne hadi sita kuenea juu ya kuta, mawe na chujio. Vitabu vya nchi za baridi hushauri bwawa likae bila samaki muda wote huo. Katika Imbo ushauri huo huzalisha malaria: yai la mbu hufikia kuwa mbu mwenye mabawa ndani ya siku kumi hivi. Ni afadhali waingizwe samaki wawili au watatu wadogo tangu wiki ya kwanza, walishwe kidogo sana, nao watakula viluwiluwi vya mbu wakati bakteria wanaendelea kuenea.

Joto ndilo adui wa pili. Samaki huyu hustawi kati ya nyuzi 18 na 24, na maji ya kidimbwi kisicho na kivuli Bujumbura hupita 30 mchana. Kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyoshika oksijeni kidogo: kwenye usawa wa bahari ni takribani miligramu 9 kwa lita katika nyuzi 20, na 7.5 katika nyuzi 30, na mwinuko wa Kajaga hupunguza karibu sehemu moja ya kumi ya hizo. Pampu inayorusha maji hewani husaidia sana, lakini umeme hukatika, na saa mbaya zaidi ni alfajiri, mimea ikiwa imevuta oksijeni usiku kucha. Kanuni ya busara ni kupanga idadi ya samaki kana kwamba pampu haipo: samaki mmoja kwa lita 200. Kidimbwi cha lita 4,500 kinabeba ishirini hivi.

Mimea ifunike nusu ya uso wa maji. Mayungiyungi yaliyopandwa katika ndoo za udongo yanatosha. Gugu maji lisiingie kwa hali yoyote, ijapokuwa maua yake ya zambarau yanavutia na hupatikana bure. Mmea huo wa Amerika Kusini ulisambazwa duniani kama pambo la vidimbwi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umefika Ziwa Victoria, ambako njia yake mojawapo ilikuwa mto Kagera. Mmea wowote uliotolewa ziwani au mitaroni ukaguliwe konokono, kwa sababu kichocho, kinachobebwa na konokono, kipo katika tambarare hii.

Samaki na matunzo

Kwa mara ya kwanza wachaguliwe wenye mkia mmoja na mwili mrefu. Wale wa mikia miwili na matumbo ya mviringo huogelea kwa taabu na huwa wa kwanza kufa joto likizidi. Samaki wapya watengwe katika beseni kubwa kwa wiki mbili au tatu. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhi chakula, kwa hiyo hulishwa kidogo, mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika tatu. Ndagala (dagaa wa ziwani) zilizosagwa zisiwe chakula chao cha kila siku. Mboga za majani zilizochemshwa ziongezwe. Kila wiki sehemu moja ya kumi ya maji ibadilishwe, na yale yaliyotolewa yamwagiwe migomba au mboga, ambazo hufaidi naitreti iliyomo.

Rangi ya dhahabu huonekana kwa mbali. Mdiria, yangeyange na kenge watakuja, na wavu uliokazwa juu ya ukingo ndiyo kinga pekee ya kutegemewa. Karibu na ufuko viboko hutoka usiku kula nyasi, na ukuta wa tofali hauwazuii. Ua wa nje ndio wa kuimarishwa. Kwa watoto wadogo, sentimita 75 za maji zinatosha kuzamisha, na wavu huo huo ukiwa imara huwalinda pia.

Kila Machi mapipa mawili yenye vifuniko na wavu wa mkono viwekwe tayari. Maji ya mafuriko yakifika nusu ya ukuta, samaki wahamishiwe sehemu ya mlimani, na kidimbwi kiachwe kimejaa, kwa kuwa uzito wa maji ndio unaokishikilia chini. Katika eneo ambalo Rusizi inaweza kufika ghafla, ni salama zaidi kuwahamisha mara tahadhari ya kwanza inapotangazwa.

Jike mmoja hutaga mayai mamia au maelfu kwa mara moja, na katika joto la Imbo hutaga mara kadhaa kwa mwaka. Wakubwa hula mengi, lakini idadi hupanda. Mimea yenye mayai iinuliwe na kukaushwa juani. Samaki wa ziada wapewe mfugaji mwingine mwenye kidimbwi kilichoinuliwa; asipopatikana, mafuta ya karafuu yaliyochanganywa kwa wingi katika ndoo ya maji huwalaza na kisha kuwaua bila mateso, nao huzikwa bustanini.