Kulanti ya Rejeta na Maji ya Mathioya

Fundi wa gereji pale Kiriaini akimwaga kulanti mtaroni, mvua huisomba hadi mto Mathioya, kisha Tana. Je, glikoli iliyomo huua mwani wa mtoni? Maabara hukuza mwani kwa saa 72 katika viwango mbalimbali vya kemikali, kisha huhesabu seli zake. Ethilini glikoli yenyewe haiudhuru sana hadi ifikie maelfu ya miligramu kwa lita. Lakini tusishangilie mapema. Bakteria wanapoivunja humaliza oksijeni, samaki wakakosa pumzi. Na baadhi ya dawa za kuzuia kutu zinazochanganywa humo ni kali zaidi. Kipimo cha mwani pekee hakitoshi. Mafundi, kingeni kulanti kuukuu kwa ndoo, muifunge mtungini: mto si jalala.