Msikiti Mkuu wa Cordoba na Wenyewe Wawili

(Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya waumini)



Tumeombwa tuzungumze juu ya nyumba mashuhuri za ibada katika bara la Ulaya. Nazo ni nyingi, na muda ni mfupi. Kwa hiyo tumechagua moja, ambayo Waislamu huitaja kwa majonzi, ingawa ni wachache waijuao habari yake kamili: Msikiti Mkuu wa Cordoba, nchini Hispania.

Abdurrahman wa Kwanza alikuwa kijana wa Banu Umayya aliyenusurika ukoo wake ulipoangamizwa mwaka 750. Alikimbia kupitia Afrika Kaskazini, akautwaa mji wa Cordoba mwaka 756, na mwaka 785 akaanza kuujenga msikiti huo. Waandishi wa Kiarabu wa zamani husema kwamba pale palikuwa na kanisa, na kwamba Amiri aliinunua sehemu ya Wakristo. Wachimbuaji wa mambo ya kale wangali wanabishana juu ya habari hiyo. Lakini tuzingatie kwamba waandishi hao waliona ni sifa kueleza kuwa kiwanja kililipiwa.

Mafundi walikabiliwa na shida moja. Nguzo walizozipata zilitoka katika majengo ya Warumi na ya Wavisigothi waliotangulia, nazo zilikuwa fupi. Dari ingekuwa chini mno kwa ukumbi mpana namna ile. Basi wakapandisha matao juu ya matao: chini tao la umbo la kiatu cha farasi, na juu yake tao la nusu duara libebalo paa, yote yakijengwa kwa jiwe jeupe na matofali mekundu kwa kupokezana. Upungufu wa nguzo ndio uliozaa uzuri ule ambao mpaka leo humfanya mgeni aone kana kwamba ameingia katika msitu wa mitende. Nguzo zilizobaki zapita 850.

Al-Hakam wa Pili, aliyetawala tangu mwaka 961 hadi 976, aliupanua msikiti upande wa kusini na kuipamba mihrabu. Kwa kazi hiyo alimwomba Kaisari wa Konstantinopo fundi na vijiwe vya kioo vya rangi, naye akavipata. Yaani mihrabu tunayojivunia ilinakshiwa kwa msaada wa mfalme Mkristo! Baadaye, mwaka 987, waziri Al-Mansur alitaka kuupanua tena. Kusini uliko mto Guadalquivir hapakuwa na nafasi, akaenda mashariki. Ndiyo maana mihrabu haiko tena katikati ya ukuta wa kibla.

Al-Mansur huyo huyo, mwaka 997, aliuteka mji wa Santiago de Compostela, akachukua kengele za kanisa lake, zikabebwa na mateka Wakristo mpaka Cordoba na kufanywa taa za msikiti. Mwaka 1236 Mfalme Ferdinand wa Tatu alipouteka mji wa Cordoba, aliugeuza msikiti kuwa kanisa na kuzirudisha kengele, safari hii mabegani mwa mateka Waislamu. Sisi hupenda kuisimulia safari ya pili na kuiacha ya kwanza. Hiyo siyo insafu. Sura ya Al-Hajj inayataja makanisa na masinagogi pamoja na misikiti miongoni mwa nyumba zinazostahili kukingwa na ubomoaji. Na tukiuliza juu ya Cordoba, tuwe tayari kuulizwa juu ya Aya Sofia, kanisa lililokamilika mwaka 537, likawa msikiti mwaka 1453, likafanywa makumbusho mwaka 1934, na kurudishwa kuwa msikiti mwaka 2020.

Mwaka 1523 Askofu Alonso Manrique alikusudia kujenga kanisa refu katikati ya msikiti. Waliompinga walikuwa Wakristo wenyewe: baraza la mji lilitisha kumwua fundi yeyote atakayegusa jengo. Mfalme Charles wa Tano akampa ruhusa askofu bila ya kuuona msikiti. Inasimuliwa kwamba alipouona alijuta. Hata hivyo, huenda kanisa hilo ndilo lililoponya sehemu iliyobaki, kwani huko Seville msikiti mkuu ulibomolewa na kanisa kuu likajengwa mahali pake. Ukasalia mnara, ambao sasa ni wa kengele, pamoja na ua.

UNESCO ililiandika jengo la Cordoba katika urithi wa dunia mwaka 1984. Mwaka 2006 Kanisa Katoliki lililiandikisha kuwa mali yake kwa ada ya euro 30, jambo ambalo Wahispania wengi, hata wasio Waislamu, wamelipinga. Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo. Mnamo Agosti 2025 moto ulizuka ndani yake, paa la kikanisa kimoja cha pembeni likaanguka. Wazima moto wa mji wakauzima kabla haujaifikia mihrabu.